Si kila chenye tarakimu ni idadi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie maneno mawili ambayo wasomaji wenzangu wameyalalamikia mara nyingi, nayo ni "mfumo umekataa". Mwananchi amefika ofisini na karatasi zake zote, karani amebonyeza vitufe, ametazama kioo kwa muda, kisha ametamka maneno hayo kana kwamba mfumo ni mkwe aliyenuna na hakuna awezaye kumwuliza sababu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga, na tangu nistaafu ninatunza kwa kompyuta daftari la kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Programu ya daftari hilo niliiandika mwenyewe, kwa kujifunza uzeeni na kwa kuwasumbua vijana niliowahi kuwafundisha, kwa hiyo nimesimama pande zote mbili za dirisha: upande wa anayeambiwa kwamba mfumo umekataa, na upande wa aliyeuandika. Ninachotaka kusema ni kwamba mara nyingi mfumo haukukataa kitu. Haukuelezwa sawasawa kwamba kile ulichopokea ni kitu cha aina gani, nao ukakisia.

Nianze na kisa kilichonifanya nishike kalamu. Kikundi chetu kilitakiwa kupeleka orodha ya wanachama kwa ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu kosa lenyewe ni la wengi na mimi mwenyewe si msafi, kama nitakavyoeleza. Orodha ilikwenda kwa faili, na kila mwanachama alikuwa na jina lake, namba yake ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa na akiba yake. Miongoni mwetu wamo akina mama wawili pacha, ambao hapa nitawaita Kulwa na Doto, ingawa majina yao ni mengine. Kulwa alipokelewa bila taabu. Doto akaambiwa kwamba mfumo umekataa kwa kuwa tayari amekwisha kusajiliwa. Alikwenda mara tatu, na mara ya tatu karani, ambaye nasikia ni kijana mwenye adabu, alimgeuzia kioo akamwambia, "Mama, tazama mwenyewe, si wewe huyu hapa?" Doto akatazama akaona namba ambayo kweli ilifanana na yake, ila mbele yake limeandikwa jina la pacha wake.

Niliomba nionyeshwe orodha kama ilivyosomwa na mashine yao, na nikakubaliwa. Sikuhitaji hata dakika moja. Namba zote za vitambulisho, za wanachama wote, zilikuwa zinaishia na sufuri tatu au zaidi. Hakuna kikundi cha watu duniani ambacho vitambulisho vyao vyote vimeangukia sufuri kwa bahati.

Namba ya NIDA, kama kila Mtanzania mwenye kitambulisho anavyojua, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Programu ya ofisi ile iliambiwa kwamba sehemu hiyo ni namba, na mashine inapoambiwa hivyo bila maelezo zaidi, mara nyingi huihifadhi kwa utaratibu unaoitwa IEEE 754, ambao ulitolewa kwanza mwaka 1985 na ambao katika umbo lake linalotumika sana hutumia biti 64, yaani nafasi 64 za kuandika sufuri au moja. Utaratibu huo ni mzuri mno kwa vipimo, kwa uzito wa mizigo na kwa kina cha bahari pale bandarini. Lakini namba kamili unaweza kuzihesabu moja baada ya nyingine bila kuruka mpaka kufikia 9,007,199,254,740,992 tu, ambayo ina tarakimu 16. Kupita hapo rula inaanza kupoteza alama zake: kwanza inaruka mbili mbili, kisha nne nne, na kadiri namba inavyokua ndivyo pengo linavyopanuka. Kwa namba ya tarakimu 20 inayoanza na 19 au 20, yaani ya mtu yeyote aliyezaliwa karne iliyopita au hii, pengo kati ya alama moja na inayofuata ni 4,096. Kila namba inayoangukia katikati husukumwa kwenye alama iliyo karibu. Kulwa na Doto waliandikishwa siku moja, namba zao zinatofautiana kidogo tu mwishoni, zikasukumwa zote mbili kwenye alama moja. Mashine haikudanganya iliposema kwamba Doto amesajiliwa. Kwa macho iliyopewa, walikuwa mtu mmoja.

Kijana mmoja niliyemweleza haya alinijibu kwamba dawa ni kutumia aina kubwa zaidi ya namba kamili, ile ya biti 64 isiyo na alama ya kutoa. Nilimwomba apige hesabu. Kikomo cha aina hiyo ni 18,446,744,073,709,551,615, na ukizitazama tarakimu nne za mwanzo kama mwaka, utaona kwamba inamtosha aliyezaliwa mwaka 1844 au kabla ya hapo, na aliyezaliwa mwaka 1845 tayari hana nafasi. Nimeulizia Tanga nzima, mwanachama wa rika hilo sijampata.

Dawa haiko kwenye ukubwa wa chombo. Namba ya kitambulisho si idadi, na hapo ndipo lilipo jambo lote.

Kiswahili chetu kimetenganisha maneno haya tangu zamani. Tuna idadi, ambayo huhesabika, hujumlishwa na kugawanywa. Na tuna namba, ambayo mara nyingi ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Mitaa ya Ngamiani inaitwa kwa namba, na hakuna mtoto wa hapa ambaye akiambiwa atembee Barabara ya 4 kisha Barabara ya 8 atadhani kwamba amefika Barabara ya 12 kwa kujumlisha. Kipimo ninachowapa vijana ni hicho hicho: jiulize kama itakuja siku utakayokijumlisha kitu hicho, au kukigawa kwa mbili, au kutafuta wastani wake. Akiba ya Doto, naam. Kitambulisho cha Doto, hapana. Nusu ya kitambulisho haina maana yoyote. Basi akiba iwe namba, na kitambulisho kiwe matini, yaani mfuatano wa herufi ambao unatunzwa kama ulivyo, herufi kwa herufi, hata kama kila herufi yake ni tarakimu.

Tena sarufi yetu inalifundisha jambo hili kwa undani kuliko vitabu vingi vya kompyuta nilivyosoma. Mtoto husema kiti kimevunjika, kikombe kimeanguka, kisha siku moja husema kiongozi kimefika, na watu wazima hucheka na kumsahihisha. Kwa umbo, kiongozi, kijana, kipofu na kifaru wamevaa ki- ile ile ya kiti na kikombe, lakini msemaji wa Kiswahili haishii kwenye vazi. Hujua kwanza anayetajwa ni nani, ndipo akampatanisha na ngeli ya viumbe wenye uhai: kiongozi amefika, kifaru amejeruhiwa. Umbo linasema hivi, asili inasema vile, na asili ndiyo inayotawala upatanisho. Namba ya NIDA ni kijana aliyevaa ki-. Programu inayotazama tarakimu na kutangaza "hii ni namba" inasema kiongozi kimefika, tofauti ni kwamba hakuna mtu mzima aliyekuwapo kuisahihisha.

Sasa nieleze, kwa ajili ya msomaji asiyefanya kazi hii, kwa nini mkanganyiko hutokea safarini hasa na si nyumbani. Ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, programu iliyoandikwa kwa lugha yenye aina, kwa mfano Java, Kotlin, C# au Rust, haimtunzi mwanachama kama mstari wa maandishi. Humtunza kama objekti, yaani kifurushi chenye sehemu zilizotajwa, na kila sehemu imetangaziwa aina yake: hii ni matini, hii ni tarehe, hii ni fedha, hii ni ndiyo au hapana. Jaribu kuweka jina kwenye sehemu ya tarehe na mkusanyaji, yaani chombo kinachoitafsiri programu kwa lugha ya mashine, atakukatalia kabla programu haijaanza kufanya kazi, na huo ndio ukataaji ninaoupenda. Lakini objekti haiwezi kupita kwenye waya kama ilivyo. Ili imfikie mwenzake kwenye mashine nyingine lazima ilazwe chini iwe maandishi matupu, na huko iendako maandishi hayo yasomwe na objekti isimamishwe upya. Katika kulazwa, aina nyingi hupotea, kwa kuwa maandishi yana herufi tu. Katika kusimamishwa, aina lazima zirudishwe, na anayezirudisha ni msomaji, kwa elimu aliyokuwa nayo yeye mwenyewe.

Wazee wetu wa pwani wanalijua tatizo hili kwa jina jingine. Barua na tenzi zilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa mtindo wa zamani, herufi moja ya be ilibeba sauti za b, p na mb, na alama moja ya irabu ilisimama mahali pa i na e, nyingine mahali pa u na o. Neno lililoandikwa kwa be mbili zenye irabu ya a lingeweza kuwa baba, papa au pamba. Mwandishi alijua alichokusudia, wino haukujua. Msomaji aliyezoea Kiswahili aliitambua maana kwa muktadha, na akisoma habari za mashua na ndoano hakudhani kwamba baba amenaswa. Msomaji mgeni, aliyejua herufi lakini hakujua lugha, angeweza kutoa maneno yaliyonyooka kabisa kwa tahajia na yasiyo kweli hata kidogo. Kompyuta inayosoma faili ni msomaji mgeni wa namna hiyo, na muktadha wake ni ule tu tuliomwandikia.

Maandishi yanayotumiwa zaidi siku hizi kwa safari hizi ni yale ya JSON, ambayo Mmarekani Douglas Crockford aliyabainisha na kuyaeneza mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya XML, mtindo mwingine wa maandishi ya kazi hiyo hiyo uliopitishwa rasmi mwaka 1998, kuonekana na wengi kuwa na maneno mengi. JSON inajua mambo sita tu: matini, namba, kweli na uongo, tupu, orodha na objekti. Tarehe haimo. Fedha haimo. Namba zake hazina kikomo cha tarakimu katika maandishi, lakini waraka unaoielezea, RFC 8259 wa mwaka 2017, unaonya waziwazi kwamba nje ya mpaka ule wa tarakimu 16 nilioutaja usitarajie mashine mbili zikubaliane. Unakataza pia namba kuanza na sufuri inayofuatwa moja kwa moja na tarakimu nyingine, na hiyo ni bahati njema kwetu, kwa sababu anayejaribu kuandika simu ya 07 kama namba hukataliwa mlangoni, isipokuwa akiwa amekwisha kuipoteza ile sufuri kwenye jedwali la Excel kabla hajafika huko.

Katika faili langu namba za vitambulisho zilikuwa ndani ya alama za kunukuu, kumaanisha kwamba ni matini. Sikuona fahari kwa hilo, maana kumbe halikusaidia. Sehemu inayopokea ilikuwa imetangazwa kuwa ya namba, na maktaba nyingi za kusomea JSON, yaani programu zilizokwisha kuandikwa ambazo waandishi wengine huziazima, zikikuta tarakimu ndani ya alama za kunukuu mahali panapotakiwa namba, huzivua alama hizo kimyakimya na kuendelea. Jackson ya Java hufanya hivyo, Pydantic ya Python hufanya hivyo, isipokuwa ukiziambia ziwe kali. Zimeundwa kwa ukarimu, ili zisimsumbue mtumiaji. Ukarimu huo ndio uliomgeuza Doto kuwa Kulwa, na ningependelea mara mia mlinzi mkorofi wa getini aliyesema, "Mstari wa 41, sehemu ya kitambulisho: nilitarajia namba, umeniletea matini, sipokei." Hapo ningepiga simu siku hiyo hiyo na mambo yangekwisha kabla Doto hajapanda daladala hata mara moja.

Wasomaji wasidhani kwamba haya ni matatizo ya sisi tulio pembeni. Mwaka 2010 Twitter ilipobadilisha namna ya kutoa namba za ujumbe, namba hizo zilikuwa zinakwenda kuvuka mpaka ule ule wa tarakimu 16 nilioutaja, na ikabidi kila ujumbe utumwe ukiwa na namba yake mara mbili, mara moja kama namba na mara ya pili kama matini, ili programu za JavaScript zisiikosee. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilieleza kwamba imebadilisha majina ya jeni kadhaa, kwa kuwa jeni iliyoitwa MARCH1 ilikuwa ikiandikwa kwenye Excel inageuka kuwa tarehe ya kwanza ya mwezi Machi, na SEPT1 inageuka Septemba. Sasa zinaitwa MARCHF1 na SEPTIN1. Tafakari hilo, Mhariri. Wanasayansi walishindwa kuizuia programu ya majedwali isikisie, wakaona rahisi zaidi kubadilisha jina la kitu kilichomo ndani ya mwili wa mwanadamu. Na wanaotumia toleo la zamani la YAML, ambayo ni maandishi mengine ya kazi kama ya JSON, wanaijua habari ya Norway, ambayo ufupisho wake wa herufi mbili, NO, ulisomwa kama "hapana", na nchi nzima ikawa uongo.

Hata hapa kwetu kukisia kumefanya yake. Mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa akiandaa taarifa za ghala la mkonge aliniletea jedwali ambalo marobota kadhaa hayakuwa na daraja. Programu ilikuwa imetazama mistari ya mwanzo, ikaona madaraja ya 1, 2 na 3, ikaamua kwamba safu hiyo ni ya namba kamili. Yalipokuja marobota ya daraja la 3L na la UG, yasiyoweza kuwa namba, ikayaacha wazi bila kusema neno. Kila mtu wa mkonge anajua kwamba 3L si tatu.

Niliahidi kwamba nitakiri yangu. Nilipojifunza kwamba vitambulisho viwe matini, nilivutiwa mno na somo hilo nikafanya kila kitu matini, akiba pia. Kwa miezi miwili orodha yangu ya wenye akiba kubwa ilimweka mwenye shilingi 90000 juu ya mwenye shilingi 800000, kwa sababu kwa mpangilio wa kamusi 9 huja baada ya 8, na mpangilio wa kamusi ndio pekee ambao matini inaujua. Aliyeshushwa alikuwa mama muuza samaki, akaniuliza mbele ya mkutano kama hesabu niliyokuwa nikifundisha ndiyo hiyo. Kosa langu jingine lilikuwa la saa. Katika kumbukumbu za vikao niliandika "saa 2", nikiwa na maana ya saa mbili asubuhi kama Mswahili yeyote, na programu yangu ikaisoma kama 02:00, ambayo kwa saa yetu ni saa nane usiku. Wanachama walipata ujumbe wa kukumbushwa kikao wakiwa usingizini, na mmoja alidhani kuna msiba. Tangu hapo ninaandika 08:00 ikifuatwa na +03:00, yaani saa ya Afrika Mashariki, na tarehe naanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama kiwango cha ISO 8601 kinavyotaka, kwa kuwa 03/04 kwetu ni tarehe tatu Aprili na kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi, na maandishi yenyewe hayasemi nani ameyaandika.

Jambo jingine linaloumiza watu bila wao kulijua ni tofauti kati ya sufuri, tupu na kisichotajwa. Akiba ya 0 ina maana kwamba tumehesabu tukakuta hakuna. Akiba iliyo tupu ina maana kwamba hatujui. Akiba isiyotajwa kabisa kwenye faili ina maana kwamba leo hatuzungumzii akiba. Haya ni mambo matatu, lakini objekti iliyoundwa bila uangalifu ina kisanduku kimoja tu cha kuyaweka yote, na kisanduku cha namba kisipojazwa katika lugha nyingi huwa ni sufuri. Basi mtu anapeleka marekebisho ya namba yake ya simu peke yake, mashine inasimamisha objekti nzima, inajaza sufuri mahali ambapo hakukutajwa kitu, kisha inairudisha objekti hiyo kwenye maandishi na kuihifadhi juu ya ile ya zamani. Mwenye simu mpya amepoteza akiba yake kwenye kumbukumbu, na hakuna mahali palipoandikwa kosa. Ndiyo maana nawaambia vijana wasijaribu kusoma peke yake wala kuandika peke yake. Chukua objekti, ilaze iwe maandishi, isimamishe tena, ulinganishe sehemu kwa sehemu na ile ya mwanzo. Kisha fanya kinyume chake: soma faili la mwenzako, liandike upya, utazame kama sehemu usizozijua wewe zimerudi au umezimeza.

Kuna wanaopendekeza kwamba maandishi yenyewe yabebe jina la aina, ili msomaji asikisie wala asihitaji kutangaza chochote. Kwa maneno mepesi ni wazo jema, lakini likifanywa bila mipaka ni kumpa mgeni funguo achague chumba. Mwaka 2015 ilidhihirika wazi jinsi programu nyingi za Java zilizokubali kusimamisha objekti ya aina yoyote iliyotajwa na mtumaji zilivyoweza kutumiwa kuendesha amri za mhalifu ndani ya seva, na orodha ya hatari kumi ya mwaka 2017 ya OWASP, taasisi inayoshughulikia usalama wa programu, iliiweka hatari hiyo kwa jina lake. Mtumaji aeleze anachotuma. Aina achague mpokeaji.

Ombi langu kwa ofisi zote zinazopokea orodha kutoka kwa vikundi, shule, zahanati na vyama vya ushirika ni ukurasa mmoja. Ukurasa huo utaje kila sehemu, aina yake, urefu wake, kama inaruhusiwa kuwa tupu, na mfano mmoja ulioandikwa sawasawa: kitambulisho ni matini ya tarakimu 20, simu ni matini inayoanza na 0 au na 255, ichaguliwe moja, fedha ni namba kamili ya shilingi bila mkato wala nukta, tarehe ni mwaka-mwezi-siku. Faili lisilofuata ukurasa huo likataliwe lote kabla ya kuingizwa mtu yeyote, na jibu litaje mstari na sehemu yenye kasoro, kwa Kiswahili, ili karani aweze kumsomea mwananchi. Na kwa vyuo vyetu vinavyofundisha kompyuta hapa mjini, naomba wiki chache zinazotumika kufundisha rangi za vitufe zitolewe kwa somo hili. Nimewapokea vijana wanaoweza kupamba kioo kikapendeza kama kanga mpya, lakini ukiwauliza kwa nini namba ya simu haikuhifadhiwa kama namba, wanajibu kwamba mwalimu alisema hivyo.

Ofisi iliyomkataa Doto, nakiri kwa haki, ilinisikiliza. Waliibadilisha sehemu ya kitambulisho kuwa matini, wakaisoma orodha upya, na sufuri zote zikatoweka. Kwa kuwa Doto alikuwa amekwisha kuondolewa kama aliyejirudia, ilibidi yeye peke yake aingizwe kwa mkono kupitia fomu. Fomu hiyo haikuitunza siku ya kuzaliwa kama siku. Iliitunza kama dakika, yaani saa sita kamili ya usiku siku hiyo ilipoanza, kwa saa ya hapa. Kisha ikaiandika dakika hiyo kwa saa ya dunia ya UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, ikawa saa tatu usiku ya jana yake, na programu iliyopokea ikachukua tarehe ikaiacha saa.

Kwa hiyo sasa Doto yumo, kwa namba yake kamili ya tarakimu 20, na tarakimu nane za mwanzo zinataja siku moja huku sehemu ya tarehe pembeni yake inataja siku iliyotangulia. Nimekwisha kuwaandikia tena. Kulwa, ambaye ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi ni mdogo kwa siku nzima, na Doto amenieleza kwamba mpaka litakaporekebishwa anataka pacha wake awe anamwamkia shikamoo.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga